Zahanati mbili zimekataa kuunganika na fundi akazima ulinzi wa seva: je, yuko sahihi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninashughulikia takwimu katika mradi mdogo wa zahanati tano za Nachingwea na Ruangwa. Tunafundisha modeli ya kutambua mapema wajawazito wanaohitaji rufaa, kwa njia ya ujifunzaji wa shirikisho: kila zahanati inafundisha kwa kompyuta yake, kisha seva tuliyoikodi inakusanya matokeo na kutafuta wastani. Tunatumia Flower, programu ya kuendeshea ujifunzaji wa aina hiyo. Fundi wetu alipowasha usimbaji wa TLS, unaofunga mawasiliano yasisomwe njiani, zahanati tatu ziliunganika na mbili zikakataa. Akauzima, akashusha idadi ya chini ya vituo (zahanati) vinavyotakiwa kwa kila raundi ya mafunzo mpaka kimoja ili raundi zisikwame, na tangu Machi mambo yanakwenda. Anasema ulinzi hauna haja kwa sababu data haitoki zahanati. Tumefika raundi ya 60, na sasa anataka tukodi seva yenye GPU, kichakataji chenye nguvu cha kufundishia modeli. Je, yuko sahihi? Msomaji, Nachingwea.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na GPU, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usikodi. Seva yako haifundishi kitu chochote. Kazi yake ni kupokea namba kutoka vituo vitano, kuzizidisha, kuzijumlisha na kuzigawa. Modeli ya vipimo vya kliniki ya wajawazito, hata ukiijenga kwa ukarimu, haizidi vigezo 10,000 (vigezo ni zile namba ambazo modeli hujifunza), na kila kigezo kikichukua baiti 4 unapata kilobaiti 40 kwa kituo, yaani kilobaiti 200 kwa vituo vyote vitano. Kompyuta yoyote ya kukodi yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu itaifanya kazi hiyo huku ikisinzia. Hata kama mngekuwa mnafundisha modeli ya picha kama ResNet-50, yenye vigezo takribani milioni 25, kila kituo kingetuma kama megabaiti 100, na mzigo mzito ungekuwa kwenye bando za zahanati na si kwenye seva.

Kuhusu zahanati mbili zilizokataa, kabla hujagusa mpangilio wowote wa seva, nenda kaangalie saa za kompyuta zake. Nasema saa, ile inayoonekana pembeni ya kioo. Cheti cha TLS kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayopokea cheti hicho hukipima kwa saa yake yenyewe. Kompyuta za zahanati nyingi huku kwetu ni za zamani, huzimwa kila jioni na kuzimika zenyewe umeme unapokatika, na ile betri bapa ya umbo la sarafu iliyo kwenye ubao mama, CR2032, huwa imekufa miaka mingi bila mtu kujua. Kompyuta ikiwashwa asubuhi inaamini kwamba leo ni siku ya miaka mingi iliyopita. Inaletewa cheti kilichotolewa mwaka huu, inaona hakijaanza kutumika, nayo inakikataa, na kwa kukikataa inafanya kazi yake sawasawa. Badilisha betri, washa huduma ya kusawazisha saa, na pangeni programu ya kituo isianze kabla saa haijasawazishwa. Ikiwa saa ni sahihi na bado kituo kinakataa, tazama jina lililoandikwa ndani ya cheti: vyeti vya mfano vinavyosambazwa na masomo ya mtandaoni mara nyingi huandikwa kwa jina la localhost, yaani kompyuta hii hii, na kituo kinachoita seva kwa jina jingine au kwa namba ya IP hakitakikubali. Huenda betri ya shilingi elfu chache ndiyo iliyomfanya fundi wenu aondoe mlango mzima.

Mpaka hapo ningekuwa nimelijibu swali lako. Lakini umeandika sentensi moja ambayo nimeisikia Mtwara, nimeisikia Masasi, nimeisikia kwa watu wenye vyeti vya semina ukutani, na kila nikiisikia joto linanipanda: data haitoki.

Ni kweli kwamba jedwali la wagonjwa halitoki. McMahan na wenzake wa Google walipoieleza njia hii mwaka 2016, faida waliyoitaja ilikuwa hiyo, kwamba simu au kompyuta ya mtu hutuma mabadiliko ya modeli tu badala ya data yenyewe. Lakini wao wenyewe waliweka sharti ambalo wauzaji wa siku hizi hulimeza: ukubwa wa faida hiyo unategemea kilichomo ndani ya mabadiliko yanayotumwa. Na kilichomo ndani ya mabadiliko kimetoka wapi, kama si kwenye data?

Niliwahi kuitwa kukagua seva ya mradi mmoja wa afya, sitaitaja wilaya. Kiongozi wa mradi alinipokea kwa maneno yale yale ya fundi wenu. Badala ya kubishana naye, nilimwomba aingie chumba cha pili, aandike kwenye kompyuta ya majaribio mstari mmoja wa mjamzito wa kubuni bila kunionyesha, kisha aendeshe raundi moja. Mimi nilibaki kwenye seva. Faili la mabadiliko lilipofika nililifungua, nikaenda kwenye tabaka la kwanza la modeli, nikachagua niuroni moja, yaani kizio kimoja cha hesabu ndani ya modeli, ambayo mabadiliko yake hayakuwa sifuri. Kila niuroni ina kigezo kimoja cha nyongeza, kinachoitwa bayasi, pamoja na vigezo vya uzani, kimoja kwa kila kipimo cha mgonjwa. Bayasi ilikuwa imebadilika kwa 0.03. Uzani wa kipimo cha kwanza ulikuwa umebadilika kwa 0.0048, wa pili kwa 0.00246, wa tatu kwa 0.0141. Nikagawa kila kimoja kwa 0.03, nikapata 0.16, 0.082 na 0.47. Programu yao ilikuwa inagawa kila kipimo kwa 100 kabla ya kukiingiza kwenye modeli, na maelezo hayo yalikuwa kwenye seva hiyo hiyo, kwa hiyo nikazidisha kwa 100. Aliporudi nilimwambia kwamba mjamzito wake ana umri wa miaka 16, wingi wa damu 8.2 na kilo 47. Alitazama nyuma yake, kwenye mlango wa chumba alichotoka, kana kwamba kuna mtu amechungulia.

Hakuna uchawi hapo, wala sikuhitaji programu ya wadukuzi. Mabadiliko ya bayasi ni kosa la niuroni lililozidishwa kwa kasi ya kujifunza. Mabadiliko ya uzani ni kosa hilo hilo, kwa kasi hiyo hiyo, lililozidishwa tena kwa kipimo cha mgonjwa. Ukigawa la pili kwa la kwanza, kosa na kasi vinakatana, kinabaki kipimo. Ni hesabu ya sekondari. Hata kituo kikirudia mstari ule ule mara kumi kabla ya kutuma, kwa njia ya kawaida ya kushuka kwa gredienti (gredienti ni kiasi na mwelekeo wa kurekebisha kila kigezo), mgawanyo unatoa jibu lile lile.

Najua utakalosema: zahanati zetu hazifundishi kwa mstari mmoja. Ni kweli, na mistari ikichanganyika hesabu ya kugawa hutoa mchanganyiko badala ya mtu mmoja, na ukitumia kanuni ya kurekebisha vigezo kama Adam, inayobadili kasi kwa kila kigezo, hesabu hiyo rahisi huvurugika. Lakini kuvurugika si kufungwa. Mwaka 2019 Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han wa MIT walionyesha kwamba mtu mwenye modeli na gredienti anaweza kubuni data ya uongo, kuirekebisha hatua kwa hatua mpaka gredienti zake zifanane na zile alizozinasa, na mwishoni akapata picha za awali, hata kundi lilipokuwa na picha kadhaa. Sasa fikiria zahanati ya kijiji ambayo kwa wiki inapokea wajawazito wapya sita. Kati ya sita hao, mwenye miaka 16 ni mmoja, na kijiji kizima kinamfahamu. Katika miji mikubwa mtu hujificha ndani ya wingi. Nachingwea vijijini wingi huo haupo, na kwa sababu hiyo miradi midogo kama wenu ndiyo inayohitaji ulinzi zaidi, kinyume kabisa na fikra kwamba udogo ni kinga.

Hapo ndipo ile idadi ya chini ya kituo kimoja inapokuwa jambo baya kuliko hata TLS iliyozimwa. Anayejua ghala la korosho atanielewa. Magunia ya wakulima mia yakishaingia katika fungu moja na kupigwa mnada, huwezi kuonyesha punje na kusema hii ni ya fulani. Lakini ukiniletea gunia moja ukaniambia ni wastani wa kijiji, nimeshajua limetoka shamba gani. Raundi yenye kituo kimoja haina wastani. Matokeo yake ni mabadiliko ya kituo hicho yakiwa wazi, na modeli mpya inayorudishwa kwa zahanati zote inayabeba yalivyo. Vituo viwili navyo havitoshi, ingawa mbili ndiyo idadi ambayo mkakati wa kawaida wa Flower huja nayo. Kila kimoja kinaijua modeli ya raundi iliyopita, kinaijua ya raundi hii, na kinajua mchango wake; kikishautoa, kinabaki na wa mwenzake.

Na mlango uliofunguliwa hautoi siri nje tu, unaingiza wageni pia. Wastani wa shirikisho huupa kila mchango uzito kulingana na idadi ya mistari ambayo kituo chenyewe kinadai kuifundishia. Seva haina namna ya kuhesabu. Inapokea neno la kituo. Tuseme zahanati zenu tano zina jumla ya mistari 1,200. Akija mtu yeyote mwenye anwani ya seva yenu na kompyuta mpakato, akajiunga kama zahanati ya sita na kutangaza kwamba amefundisha kwa mistari 1,000,000, mchango wake unakuwa zaidi ya asilimia 99.8 ya wastani. Raundi itaisha vizuri, kumbukumbu za seva zitaandika kwamba vituo sita vimeshiriki, na modeli yenu ya rufaa itakuwa yake. Anaweza kuwa mwanafunzi anayejaribu tu. Mama aliyeambiwa hana hatari hatajua tofauti.

Kwa nini basi mafundi wanaendelea hivi? Kwa sababu masomo ya kuanzia huanza hivi, na ni haki yaanze hivi. Yule anayejifunza kwenye kompyuta yake mwenyewe hahitaji vyeti, ndiyo maana Flower ina chaguo la --insecure, na waliolipa jina hilo hawakuficha kitu. Tatizo ni watu wanaokwenda semina ya siku mbili, wakanakili mistari ya somo la kwanza, wakaipandisha kwenye seva ya intaneti na kuiuzia miradi kwa jina la mfumo unaolinda faragha. Ni mbuzi kwenye gunia. Nimeona pendekezo la mradi lililoandikwa kwamba kwa kuwa ni ujifunzaji wa shirikisho, hakuna taarifa za wagonjwa zinazochakatwa na seva, kwa hiyo hakuna wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inawataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu aliyeona namba 16, 8.2 na 47 zikitoka kwenye faili la seva atapata taabu kuishawishi Tume kwamba seva hiyo haikuchakata taarifa za mtu. Na ikiwa seva mliyoikodi iko nje ya nchi, yapo masharti ya kusafirisha taarifa nje ambayo nayo yanakuhusu. Muulize mwanasheria, si fundi.

Sasa mpange hivi. TLS irudi, na chaguo la --insecure liondoke kwenye seva na kwenye vituo vyote. Lakini TLS peke yake huzuia msikilizaji wa njiani tu, haimzuii mgeni anayekuja mlangoni kwa adabu. Kwa hiyo kila zahanati itengenezewe jozi yake ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa hadharani, seva ipewe orodha ya funguo tano za hadharani, na asiyekuwa kwenye orodha asijibiwe. Flower inaliwezesha jambo hili, na NVIDIA FLARE, programu nyingine ya aina hiyo, huandaa kabisa kifurushi cha kuanzia kwa kila kituo chenye cheti chake. Ufunguo wa siri ukae kwenye kompyuta ya zahanati, usitumwe kwa WhatsApp. Nimeuona ukitumwa kwa WhatsApp, tena kwenye kundi lenye watu arobaini.

Baada ya hapo wekeni ukusanyaji salama, ambao Bonawitz na wenzake waliueleza mwaka 2017 na ambao katika Flower unapatikana pia katika toleo lililoboreshwa liitwalo SecAgg+. Wazo lake ni kwamba kila zahanati mbili hukubaliana namba ya siri ambayo seva haiijui; moja huiongeza kwenye mchango wake, nyingine huitoa. Kama mchango wa ya kwanza ni 12, wa ya pili ni 15, na siri yao ni 700, seva itapokea 712 na −685, namba ambazo kila moja peke yake haina maana, lakini jumla yake ni 27, ambayo ndiyo seva iliyoihitaji tangu mwanzo. Kituo kikikatika katikati, wenzake hushikilia vipande vya kurejesha siri yake ili jumla isiharibike. Bei yake ni kwamba seva haiwezi tena kukagua mchango mmoja mmoja na kuukataa ulio mbovu, kwa hiyo orodha ya funguo inakuwa ya lazima zaidi. Anayekuuzia ukusanyaji salama bila kukwambia bei hiyo, naye mwulize maswali.

Idadi ya chini iwe vituo vinne kati ya vitano. Raundi ikikosa vinne, ifutwe. Najua fundi alishusha idadi kwa sababu raundi zilikwama, lakini zilikwama kwa kuwa hapakuwekwa kikomo cha muda, na seva isiyo na kikomo husubiri bila mwisho kituo ambacho umeme umekatika. Weka kikomo cha saa moja, endesha raundi moja kwa siku katika saa ambazo zahanati zote ziko wazi, na hutapoteza kitu: kwa wajawazito wapya sita kwa wiki hakuna linalolazimisha raundi kila dakika kumi. Hakuna pia haja ya kununulia zahanati anwani za IP za kudumu, kama atakavyokushauri mtu mwingine wiki ijayo, kwa sababu vituo ndivyo vinavyoipigia seva, na modemu ya kawaida ya simu inatosha. Seva iandike modeli ya pamoja kwenye diski kila raundi inapoisha, ili ikizimika iendelee ilipoishia. Modeli ya pamoja tu. Michango ya kituo kimoja kimoja isihifadhiwe hata kwa siku moja kwa kisingizio cha uchunguzi wa hitilafu. Faili nililoligawa siku ile lilikuwa kwenye folda ya uchunguzi, na majina ya mafaili yalikuwa majina ya zahanati.

Kwa kuwa seva haioni data, ukaguzi wa data ufanyike zahanati kabla ya kufundisha. Muuguzi mmoja akiandika wingi wa damu kwa gramu kwa desilita na mwingine kwa gramu kwa lita, 8.2 inakuwa 82, wastani unayumba, na utakaa wiki mbili ukirekebisha kasi ya kujifunza. Programu ya kituo ikatae wingi wa damu unaozidi 25 na imuulize mwandishi. Ni mstari mmoja wa programu.

Mwisho ni modeli mliyo nayo. Seva yenu imekuwa wazi tangu Machi, bila usimbaji, bila orodha ya funguo, na kila kituo kikikubaliwa kwa kujitaja. Hamwezi kujua ni nani walioshiriki katika raundi hizo 60, na kumbukumbu za seva hazitakusaidia, kwa sababu mgeni huandikwa kama mwenyeji. Futa folda za michango, toa funguo mpya, na uanze upya kutoka raundi ya kwanza kwa vigezo vipya vya kuanzia. Fundi atakwambia ni hasara ya miezi. Kwa vituo vitano na modeli ndogo kama hiyo, raundi 60 kwa mpangilio wa raundi moja kwa siku ni miezi miwili, na zahanati zenye data zenyewe hazijapoteza hata mstari mmoja.